Kengele Inayokohoa

"La kwanza, viatu," Casilda alisema, akawatazama miguuni mmoja baada ya mwingine. "Mwenye soli ya ngozi arudi kwenye basi akabadilishe. Mawe ya Torrelinde yamekanyagwa tangu enzi za wafalme, yanateleza kama sabuni na hayamhurumii mtu. La pili, mkate. Tanuri linafungwa saa nane mchana, na likifungwa limefungwa, hata uje na machozi. La tatu, nguo mtakazoziona zimeanikwa madirishani ni nguo za watu, si mapambo ya mji. Msizipige picha."

"Hata zikiwa nzuri?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya majani.

"Hasa zikiwa nzuri, mzee wangu."

Wakaangua kicheko. Walikuwa wastaafu kutoka Zaragoza, na kama wageni wote wa Jumamosi walicheka palepale ambapo wenzao wa wiki iliyopita walicheka. Casilda aliwapenda. Kuwapenda wageni si kazi ngumu, wanakuja wakiwa wameoga, wamefurahi, wana hamu ya kuambiwa chochote. Kazi ni Jumapili jioni, basi la mwisho linaposhuka mlimani na taa zake zikapotea kwenye kona ya mto. Hapo dada huyu mcheshi, anayejua kuwachekesha watu asiowajua, hurudi nyumbani kwa mama yake, wakanywa supu wakitazamana kwa zamu, kisha akaenda kujilaza na soksi mbili miguuni. Upweke wa mji wa wageni una namna yake, jamani. Kutwa unazungukwa na watu, unapigwa picha, unashikwa mkono, na Jumatatu hakuna hata mmoja wao anayejua kama umeamka.

"Na la nne," Casilda akaendelea, "la nne ni muhimu kuliko yote..."

Hakulimaliza. Mdomo ulibaki wazi na mkono ukabaki hewani, umeelekezwa kwenye mnara wa kanisa.

Chini kabisa, kwenye kona ya mto, kengele zilikuwa zinakuja. Hilo halikuwa ajabu. Ulikuwa mwezi wa sita, na tangu juma lililotangulia makundi ya kondoo yalikuwa yanarudi kutoka kusini, yametembea karibu mwezi mzima, yanapanda malisho ya kiangazi. Kila kundi na kengele zake. Mwanamke wa Torrelinde hahitaji kuchungulia dirishani ili ajue ni nani anayepita. Anasikia tu, huku anamenya viazi, anasema, "Huyo Braulio," na ni Braulio.

Lakini kengele hii ilikuwa na ufa. Ilianguka kwenye mwamba zamani, babu wa mwenye kundi akaipiga kiraka cha shaba kwa mkono wake, na tangu hapo hailii kama kengele za watu wengine. Inakohoa. Inalia mara moja, inakohoa, inalia tena. Mtoto wa miaka mitatu mjini pale angekwambia ni ya nani.

"Leandro," Casilda alisema.

"Leandro ndiye mtakatifu wa kanisa hili?" akauliza mama mmoja mnene, aliyeitwa Doña Presen, ambaye tangu asubuhi alitaka kujua kila kitu.

"Nisubirini hapa. Msiende popote."

"Na la nne, binti? Hujatuambia la nne!"

"La nne msiniulize sasa!"

Akatimua mbio. Kwa viatu vyake vya soli ya mpira, asante Mungu, kwa sababu njia ya kushukia darajani kutoka kanisani imewavunja nyonga watu wenye akili timamu. Alipita chini ya nguo zilizoanikwa, akapita kwenye tanuri, muuza mkate akamwita, hakuitika. Moyo ulikuwa unampiga hadi masikioni, na katikati ya mapigo yale alisikia maneno aliyoyasema mwenyewe mwezi wa kumi na moja uliopita, kwenye kizingiti cha mama yake. Maneno yale yalikaa naye majira yote ya baridi.

Siku ile Leandro Lahoz alikuja kuaga. Kesho yake angeshuka kusini na kondoo wake, kama baba yake, kama babu yake mwenye kiraka cha shaba. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mrefu, kimya, na yale macho yake ya kijivu ambayo hayakujua kubembeleza.

"Safari hii sitaki kwenda peke yangu," alisema. "Twende wote, Casilda. Kule kuna nyumba. Ndogo, lakini ina jiko na dirisha linaloingiza jua. Mwezi wa pili, hapa mkiwa mmezikwa na theluji, kule milozi inachanua."

Casilda hakuwahi hata kuvuta pumzi ya kujibu. Mama yake, Obdulia, alitokea jikoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mchungaji wa pili katika nyumba hii? Haiwezekani."

"Bi Obdulia, nakuheshimu, lakini nazungumza na Casilda."

"Nami ndiye niliyemzaa Casilda. Unajua mimi niliolewa na nani, Leandro? Niliolewa na mlango. Baba yake alikuwa mume wangu kiangazi. Miezi iliyobaki nililala nikiutazama ule mlango pale, umefungwa, na upepo unaubisha ili kunidanganya. Nikajifungua yeye hayupo. Nikazika mtoto wetu wa kwanza yeye hayupo, akarudi mwezi wa sita na mwanasesere aliyemnunulia. Sasa unataka binti yangu naye aolewe na mlango?"

"Ndiyo maana nasema twende wote."

"Na mimi nibaki na nani? Na paka?"

"Uje na wewe."

"Mimi? Kusini? Nikale mizeituni na watu nisiowajua? Wacha mzaha."

Wote wawili wakamgeukia Casilda. Na hapo ndipo, badala ya kusema "nipe siku mbili nifikirie", au "nakupenda lakini naogopa", ambayo ndiyo iliyokuwa kweli tupu, Casilda alisema kwa hasira ya mtu aliyebanwa mlangoni.

"Uza kondoo. Tafuta kazi yenye kuta nne kama wanaume wengine. Ama sivyo, usipite tena kwenye mlango huu."

Leandro alirudi nyuma hatua moja. Aliivaa kofia yake polepole, akamwangalia kwa muda, kama mtu anayetaka kukariri sura, akaenda zake. Alfajiri yake kengele ilipita chini ya dirisha, inalia na kukohoa. Casilda alikuwa macho, mkono uko kwenye komeo la dirisha. Hakulifungua. Na mchana ule, ili asishawishike, akaifuta namba ya simu ya Leandro, upumbavu ambao alianza kuujutia kabla ya jua kuzama.

Theluji ikaja, barabara ikafungwa, wageni wakakoma. Alikaa kwenye kiofisi cha wageni na jiko dogo la umeme la kupasha miguu joto, anajibu simu za watu wanaouliza kama kuna theluji. Ipo, alikuwa anasema. Ipo nyingi. Alimtamani hadi akawa anawaonea wivu wanawake wagomvi wanaowafokea waume zao sokoni. Mwisho wa mwezi wa pili, kwenye televisheni ya baa, wakaonyesha milozi ya kusini imechanua. Casilda aliweka kikombe chini, akatoka nje akalia barabarani, na theluji inamwangukia. Siku hiyo akakata shauri. Akirudi Leandro, atamngoja darajani, na jambo la kwanza atakalomwambia ni, "Mwezi wa kumi na moja nakwenda nawe."

Sasa, darajani Torrelinde si mahali pa kusimama hivi hivi. Kundi linaporudi, anayesimama darajani ni mke wa mchungaji, au mama yake. Msichana akisimama pale, amekwishausemea moyo wake mbele ya mji mzima, na hakuna tena kusema nilikuwa napita tu. Wako wasichana waliosubiri miaka wakichungulia madirishani kwa kukosa ule ujasiri.

Casilda alifika, akasimama katikati ya daraja. Kwenye kibaraza cha baa wanaume wakaacha karata. Juu ya ukuta vichwa vya wanawake vikatokeza. Hakujali. Kondoo wakaanza kumiminika kutoka kwenye kona, vumbi limewafunika, na mbele yao alikuwa Askofu, yule dume mkubwa aliyehasiwa ambaye ndiye kiongozi wao, anatembea kwa madaha na kengele yake inakohoa shingoni. Askofu alimwona. Akatoka mstarini, akamjia moja kwa moja, akachomeka pua kwenye mfuko wa koti lake kutafuta mkate, kama alivyozoea.

"Askofu wangu," Casilda akamwambia, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Sina mkate leo. Bwana wako yuko wapi?"

Akatazama juu ya migongo ya kondoo. Aliona mbwa wawili asiowajua. Aliona pikapu ya buluu inatambaa nyuma. Kisha akaona mtu mfupi, mweusi kwa jua, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda.

"Salama, dada," mtu yule akasema, kwa lafudhi ya kusini. "Huyo usimzoeze mkate, atashindwa kupanda mlima."

"Leandro yuko wapi?"

"Leandro yupi?"

"Leandro Lahoz! Mwenye kondoo!"

Mtu yule akaacha kutafuna. Akamtazama Casilda, akatazama nyuma yake, akamtazama tena.

"Mwenye kondoo ni mimi, dada. Naitwa Ginés. Lahoz aliniuzia kabla ya Pasaka. Wote, na malisho ya kiangazi ya huku juu, na kengele."

"Amekuuzia nini?"

"Wote," Ginés akarudia taratibu. "Tulipeana mikono, akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia, ndugu yangu, kama inakuuma hivi usiuze. Akasema, lazima niuze, nimeambiwa nitafute kazi yenye kuta nne. Nikamwambia wewe una wazimu, kuta unazitakia nini mtu kama wewe?"

Casilda alishika ukingo wa daraja. Kondoo waliendelea kupita pande zake zote mbili, wakimsukuma magotini, na kwenye ukuta wale wanawake hawakusema neno. Ukimya wao ulimchoma kuliko kama wangemcheka. Alikuwa amesimama mahali pa mke, mbele ya watu wote, anamngoja mwanaume ambaye yeye mwenyewe alimfukuza.

"Na hizo kuta amezipata wapi?" akauliza.

"Peñíscola, pwani. Kwenye hoteli moja kubwa, anabeba mizigo ya wageni, anaipandisha vyumbani."

"Kwa lifti?"

"Sasa ataipandisha kwa kitu gani?"

"Leandro anaogopa lifti. Hospitalini Teruel alipanda ngazi ghorofa sita na mguu uliovunjika."

Ginés akataka kucheka, akaona uso wa Casilda, akakimeza kicheko.

Wakati huo huo Obdulia akatokea kwenye kilima, anashuka kwa haraka isiyofaa umri wake, aproni kiunoni, kijiko cha mbao mkononi. Nyuma yake, mungu wangu, wastaafu wote wa Zaragoza, wameshikana mikono ili wasiteleze. Walikuwa wamemfuata mama mwenye kijiko kwa sababu Doña Presen aliona huko ndiko mambo yaliko.

"Yuko wapi?" Obdulia akauliza, anahema. "Mwambieni asichelewe, migas zitaungua."

Casilda akageuka polepole. "Umepika migas, mama?"

Ndivyo ilivyo Torrelinde. Mwanamke wa nyumba akisikia kengele ya mtu wake inakata kona, anamega mkate mkavu, anauweka kikaangoni na mafuta na kitunguu saumu, ili msafiri anapovuka kizingiti chakula kiwe kinatoa moshi. Migas hazipikiwi mtu baki.

"Nimesikia kengele," Obdulia akasema, anakitazama kijiko kama vile mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. "Mkono ukapika wenyewe. Miezi yote hii nakusikia unavyogeuka kitandani, unafikiri mimi ni jiwe? Nikasema, akija, basi, aje. Nitamlisha, nitamtukana kidogo, yaishe. Yuko wapi?"

"Ameuza kondoo, mama."

"Kamuuzia nani? Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwambia auze."

Obdulia akakishusha kijiko. Alimtazama Ginés, akamtazama Askofu na ile kengele. Mwanamke huyu aliyewalaani kondoo maisha yake yote akanyoosha mkono, akaishika pembe iliyopinda ya yule dume, kama anayemshika mtu bega msibani.

"Mimi nilimtaka asiondoke na binti yangu," akasema chinichini. "Sikusema asirudi."

Casilda alikuwa ameanza kuondoka. Hakujua anakwenda wapi. Labda kumalizia kuwaonyesha wageni kanisa, kwa sababu mtu lazima afanye kitu kwa mikono na miguu yake. Ndipo Ginés akaita.

"Dada! Subiri kwanza. Kuna jambo. Ile kengele mimi nilitaka kuivua, ina ufa, inaniudhi sikio njia nzima. Lahoz akakataa. Alisema kondoo watapotea bila hiyo, nikaona sawa. Lakini akaniambia na jambo jingine. Ukifika daraja la Torrelinde, alisema, tazama. Ukikuta mwanamke amesimama, nipigie simu. Usipomkuta, endelea na safari yako, usinisumbue."

"Alikwambia mwanamke gani?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia, darajani watapita wanawake wangapi, nitajuaje? Akasema, utamjua. Atakuwa anamtafuta mtu nyuma yako."

Doña Presen akapiga kite kidogo. Mumewe, yule wa kofia ya majani, akamkanyaga mguu.

Ginés alikuwa amekwishabonyeza simu. Akaipangusa vumbi kwenye suruali, akamnyooshea Casilda. Ikaita mara moja tu.

"Ginés?" Ilikuwa sauti yake. Nyuma yake magurudumu ya masanduku yalikuwa yanakwaruza sakafu, na mtu alikuwa anaita mizigo ya chumba fulani. "Ginés, sema haraka, msimamizi ananiangalia. Ulikuta mtu au hukukuta?"

"Alinikuta mimi," Casilda akasema.

Magurudumu yakanyamaza.

"Casilda."

"Ndiyo."

"Uko darajani?"

"Katikati."

"Watu wanakuona?"

"Mji mzima, Leandro. Na basi zima la Zaragoza."

Akamsikia anavuta pumzi. Alimfahamu, alijua kwamba kule aliko amevua kofia, hata kama ni ile kofia ya kijinga ya hoteli.

"Nimeuza," Leandro akasema. "Kama ulivyotaka. Nina kuta nne sasa. Hata madirisha yake hayafunguki."

"Mimi nilikuja hapa kukwambia nakwenda nawe kusini."

Casilda aliikaza simu sikioni. Kondoo wa mwisho walikuwa wanavuka, wale walemavu na wale wenye wana wadogo, na mbwa anawahimiza. Casilda aliisikia ile kengele mara mbili, mara moja huku juu ikipanda mlima bila bwana wake, na tena, hafifu, ikirudi ndani ya simu kama mwangwi kutoka sikioni kwa Leandro. Akajua kwamba naye anaisikiliza.

"Inakohoa vizuri," Leandro akasema mwishowe, na sauti yake ikakatika.

"Leandro, nisamehe. Nilikuwa naogopa, nikasema neno baya badala ya kusema naogopa."

"Nami ningeuliza mara ya pili. Sikuuliza. Nilivaa kofia." Akashusha pumzi. "Lakini sasa sina pa kukupeleka. Ile nyumba yenye jua ilikwenda pamoja na kondoo. Hapo Torrelinde sina hata ufunguo wa banda. Nikija, nitakuja kama mgeni tu."

"Basi njoo kama mgeni. Wageni ndio kazi yangu."

Akamsikia anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa amesahau.

"Nimesaini hadi mwisho wa mwezi wa kumi. Nilitoa neno langu. Siwezi kuwaacha katikati ya kiangazi."

Casilda akafumba macho. Kiangazi chote, basi. Mwezi wa saba, wa nane, vichochoro vimejaa watu, kila mtu na mtu wake, na yeye mbele yao anatembea kinyumenyume akiwaonyesha minara. Alikuwa amedhani upweke ni jambo la theluji.

"Utakuja wakati wachungaji wenzako wanaondoka," akasema.

"Ndiyo. Wao wakishuka, mimi nitapanda. Utangoja?"

"Sikiliza," Casilda akasema. "Nikupe maelezo, kama mgeni yeyote. Basi kutoka Teruel linaondoka saa tisa alasiri. Ni moja tu, likikuacha limekuacha. Kaa upande wa kulia, ndio unaoonyesha mto."

"Casilda, nimezaliwa hapo."

"Mgeni hakatizi maelezo."

"Samahani. Endelea."

"La kwanza, viatu. Vaa soli ya mpira, mawe yanateleza. La pili, mkate. Tanuri linafungwa saa nane, wewe utafika limefungwa, lakini mama atakuwa na wa jana." Akamtazama Obdulia. Obdulia alitikisa kichwa kukubali, akajifuta uso kwa aproni. "Kwa migas ni mzuri zaidi ukiwa wa jana. La tatu, ukiona nguo zangu dirishani usizipige picha."

"Na la nne?" Leandro akauliza. "Siku zote una mambo manne. Nilikuwa nakusikia kutoka malishoni."

"La nne ni saa ya basi la kuondoka," Casilda akasema. "Wewe hilo halikuhusu."

Kule Peñíscola mtu akaita tena, kwa ukali, na magurudumu yakaanza kukwaruza. Leandro alisema jambo, fupi, ambalo alikuwa hajawahi kumwambia akiwa kizingitini na kofia mkononi. Simu ikakatika.

Casilda akamrudishia Ginés simu yake. Ginés alisema inabidi awahi kundi, lakini Obdulia alikuwa amekwishamshika mkono wa shati.

"Wewe utakuja kula. Chakula kimepikwa kwa ajili ya kengele, na kengele imekuja na wewe. Ukimaliza utawafuata, hawaendi mbali."

"Mama yangu, mimi si mtu wa nyumba."

"Kula kwanza. Halafu utanieleza huko kusini mnakula nini zaidi ya mizeituni."

Wakapanda wawili wale, kijiko mbele, mbegu za alizeti nyuma. Wanaume wa baa wakarudia karata zao. Vichwa vya ukutani vikaondoka kimoja kimoja, ingawa kesho yangesemwa yote. Wastaafu walikuwa wamejipanga darajani kama watoto wa shule, hawajui kama inafaa kuuliza. Doña Presen alikuwa analia waziwazi kwenye kitambaa cha mumewe.

"Binti," mzee wa kofia ya majani akasema baada ya kukohoa mara mbili. "Samahani. Na sisi je? Sisi la nne linatuhusu?"

Casilda alijipangusa macho kwa kiganja, akalirudisha tabasamu lake la Jumamosi mahali pake. Mlimani kengele ilikuwa inakohoa mbali, inazidi kuwa ndogo.

"Ninyi linawahusu, mzee wangu," akasema. "Basi lenu linaondoka saa kumi na moja."